Swichi za Cessna ya zamani zinagoma moja baada ya nyengine: chumvi, uzee au mafundi?

#1 Mtoro wa Kisauni
Assalaam alaykum. Namsaidia mzee mmoja kutunza ndege yake ndogo, Cessna 172, modeli M ya miaka ya sabini. Inalala nje pale uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, maana hanga haina nafasi. Injini haina tabu. Tabu ni swichi. Ilianza ya taa ya kutulia (ya kumulikia ndege ikitua): unabonyeza, haiwaki, unarudia, haiwaki, unaigonga kwa kidole, hiyo imewaka. Zikafuata taa za ncha za mbawa. Sasa hivi sindano ya ampea inacheza kulia kushoto muda wote injini ikizunguka, na ukiigusagusa masta (swichi kuu, nusu BAT ya betri, nusu ALT ya altaneta inayozalisha umeme) upande wa ALT inatulia kidogo kisha inarudi kule kule.

Fundi wa mwanzo kuja kasema "swichi zimekufa, badilisha zote". Mzee kaulizia bei ya masta peke yake, kanyamaza mpaka leo. Sasa nakuulizeni: swichi tatu zinakufaje kwa mpigo? Mie nasema ni chumvi tu, zisafishwe. Nani kapatwa na hili?

#2 Dereva 505
Kumbe na huko juu munagonga dashibodi! Nilidhani ni sisi wa daladala tu. Basi mie Pemba naenda kwa boti.

#3 MwanaWawi
Karibu, lakini boti nayo ina swichi, usijidanganye.

Mtoro, chumvi ndiyo yenyewe. Ndege inalala nje, kusi likivuma unyevu wa bahari unaingia kila tundu. Huku kwetu hata bawaba za mlango zinaota kijani. Fungua, safisha, funga, endelea na maisha.

#4 Mzee wa Hanga
Waalaykum salaam. Polepole vijana. Kabla hujafungua kitu, jua kila swichi inafanya kazi gani, maana umezitia tatu katika kapu moja na hazifanani.

Swichi ya taa ya kutulia inabeba umeme wa taa wenyewe. Ukiwa na ile taa ya zamani ya 4509, hiyo ni wati 100 kwa volti 13, yaani karibu ampea 8 zinapita kwenye ncha mbili ndogo za fedha. Nyuzi ya taa ikiwa baridi inavuta mara kumi au zaidi ya hapo kwa kitambo kidogo sana unapowasha. Kila ukiwasha, ncha inaungua punje.

Masta ni mambo mengine. Upande wa BAT haubebi umeme wa ndege. Unaishikiza relei ya betri (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme) kwenye ethi, yaani upande wa hasi, tu; relei ndiyo inayobeba mzigo. Upande wa ALT unapeleka umeme mdogo kwenye regileta (kidhibiti cha volti), na regileta kwenye fildi, koili inayoamua altaneta itoe umeme kiasi gani. Hapo ndipo penye mchezo wa sindano yako. Regileta inapima volti kupitia njia ile ile inayoilisha fildi. Swichi ikiwa na ukinzani, regileta inaona volti pungufu, inasukuma fildi zaidi. Umeme ukiongezeka, volti zinazopotea kwenye swichi nazo zinaongezeka, inazidi kudanganyika. Inapanda, inazidisha, inakata, inashuka, inaanza upya. Sindano inacheza. Watu wamebadilisha altaneta nzima, wamebadilisha regileta mara mbili, kumbe ni swichi.

#5 Mtoro wa Kisauni
Ahsante mzee. Kwa hiyo masta ni mbovu, siyo?

#6 Mzee wa Hanga
Sijasema hivyo. Nimesema njia ina ukinzani. Kwenye njia hiyo muna breka (kikata umeme) ya ALT FIELD, muna swichi, muna lagi (vichwa vya waya) kila upande, na katika baadhi ya ndege muna relei ya kukata volti zikizidi. Yeyote kati ya hao anaweza kuwa mwizi.

#7 BintiMbweni
Naongezea kwa mzee #4. Huna haja ya kuwasha injini kupima. Injini imezimwa, washa BAT na ALT zote mbili. Betri ina volti 12 na kitu, regileta inataka 14, basi inafungulia fildi yote, ampea mbili tatu zinapita. Chukua mita, ncha moja kwenye baa (kipande kinachogawa umeme kwa swichi zote), nyengine pale umeme unapoingilia regileta. Unachokisoma ni volti zilizopotea njiani. Mimi ikizidi robo volti naanza kusaka. Halafu unapima kipande kwa kipande: juu ya breka, juu ya swichi, juu ya kila lagi. Usikae muda mrefu, fildi inapata moto na betri inakwisha.

Na tafadhali usipime kwa omu (ukinzani) na swichi imetolewa mezani. Omu za mita ya kawaida zinapeleka umeme kidogo mno, swichi mbovu inakuambia sifuri nukta moja ukashangilia.

#8 Yakhe Mkweli
Nyinyi mnapenda kuzungusha. Swichi kama hiyo ipo madukani Mlandege, ya gari, volti 12, ampea 20, bei ya sahani ya biriani. Cessna zote ni volti 28 lakini swichi haijali volti.

#9 Msomi wa NIT
Mkuu #8 umekosea mara mbili katika mstari mmoja. 172 ilihamia volti 28 kwenye modeli ya 1978. Ya Mtoro ni M, ni volti 14. Na swichi inajali sana volti. Ile iliyoandikwa ampea 10 volti 250 ni kwa umeme wa nyumbani, unaopita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inajizimikia. Umeme wa betri haupiti sifuri hata mara moja, cheche inavutika mpaka ncha ziachane vya kutosha. Swichi ile ile kwenye betri huenda isibebe yote iliyoandikwa.

#10 Yakhe Mkweli
"Mkuu" ndiyo nini, hapa Unguja bwana. Nimesema ya GARI. Gari ni betri.

#11 Kusi Kali
Mie narusha, sifungi. Swichi ya gari naikataa kwa sababu moja: haina karatasi. Siku ya ukaguzi mtu wa TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) akiuliza hiyo umeitoa wapi na nani kaisaini, utamwambia Mlandege duka la tatu? Tena swichi ya gari haikutengenezwa kwa mtikisiko wa injini ya Lycoming, na plastiki yake hujui ikipata moto inazimika au inaendelea kuungua ukiwa juu ya mkondo wa Pemba. Swichi yoyote inayoingia humo fundi mwenye leseni aisaini kwenye logibuku (daftari la matengenezo ya ndege).

Kuhusu altaneta: Kisauni hadi Wawi, uwanja wa Pemba, ni nusu saa hivi. Altaneta ikikata njiani, zima ALT, washa mara moja, ikikataa iache, punguza taa, bakisha redio moja. Betri nzima inakufikisha. Betri ya ndege inayokaa wiki tatu juani bila kuruka, hiyo sikuahidi.

#12 Fundi Boti Mkoani
Sisi wa boti tunapaka mafuta ya mgando kila lagi na kila swichi. Faiba inakula maji ya chumvi kutwa, na taa zinawaka. Nyinyi munasoma vitabu, chumvi haisomi.

#13 Mzee wa Hanga
Bwana wa Mkoani, kwa lagi za nje nakuunga mkono, ukishakaza kwanza ndipo upake. Ndani ya swichi hapana. Cheche inaikaanga grisi inakuwa makaa, na makaa hayo yanakaa katikati ya ncha. Na yale mafuta ya kupuliza ya kulegezea nati, vijana wanayapenda sana: swichi inaamka siku mbili, kisha utando unaobaki unashika vumbi. Kama umeamua kusafisha, iko dawa ya kusafishia ncha za umeme, na hata hiyo iulize kwanza kama haili plastiki.

#14 Dereva 505
Mzee kasema makaa nikakumbuka ule mkatiko mkubwa, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima kiza. Kila nyumba jenereta na swichi ya kubadilishia. Mitaani kwetu ziliungua moja baada ya moja maana watu wanageuza friji ikivuta. Ukiifungua ndani nyeusi tititi.

#15 MwanaWawi
Haha, miezi mitatu ile sie Pemba taa zinawaka kwa majenereta yetu ya Wesha. Mulikuwa munatuita washamba, mukaja kuchaji simu.

#16 Dereva 505
Nani alipanda meli kwenda kuchaji simu? Chuku hizo.

#17 BintiMbweni
Turudi kwenye swichi. Mtoro, taa ya kutulia bado ni ile ya zamani au imewekwa LED?

#18 Mtoro wa Kisauni
LED. Mwenye ndege wa kabla ya mzee aliiweka.

#19 BintiMbweni
Basi hapo nina maelezo mengine, na chumvi ya #3 inakaa pembeni. Ncha ya fedha inaota utando mweusi hewani, zaidi panapokuwa na moshi na salfa. Taa ya ampea 8 inautoboa utando kila inapowashwa, inajisafisha yenyewe huku inajila. LED inavuta ampea mbili hivi. Utando unabaki. Swichi iliyozoea mzigo mkubwa unaipa mzigo mdogo, inaanza kugoma, na ukiigonga ncha zinasuguana, inawaka. Ndiyo kisa chako hasa.

#20 Msomi wa NIT
Nzuri, lakini taa za mbawa je? Mtoro, hizo nazo LED?

#21 Mtoro wa Kisauni
Hapana. Balbu za kawaida. Nazo zinagoma.

#22 Msomi wa NIT
Basi nadharia ya dada imetoboka mbawa moja.

Mie nasema swichi zilikuwa ndogo tangu kiwandani. AC 43.13-1B, mwongozo wa matengenezo wa mamlaka ya anga ya Marekani, ina jedwali: kwa volti 12, mzigo wa taa unazidishwa kwa 5, kwa volti 28 unazidishwa kwa 8. Mzigo wa relei ni 2 na 4. Kwa 4509 ya ampea 8, unahitaji swichi ya ampea 40. Nani ameona swichi ya ampea 40 kwenye paneli ya 172? Miaka hamsini zinabeba kuliko uwezo wao, lazima zichoke pamoja.

#23 Mzee wa Hanga
Mwanangu, jedwali hilo ni la anayepanga saketi mpya na swichi ambayo haikupewa kipimo cha taa. Swichi ya kiwandani ilipimwa kwa kazi yake. Na zimekaa miaka hamsini, wewe mwenyewe umesema! Kitu kilichofanya kazi miaka hamsini unakiitaje kidogo?

#24 Msomi wa NIT
Nani kasema ni zile zile za miaka hamsini? Pengine zimebadilishwa mara nne.

#25 Mzee wa Hanga
Hilo logibuku litasema.

#26 Kusi Kali
Logibuku la ndege ya zamani husema kilichoandikwa tu.

#27 Fundi Boti Mkoani
Mie nasema hata swichi si mbovu. Ni ethi. Vitu vingi vinagoma pamoja, tafuta kinachowaunganisha. Kwenye boti ni ile bolti moja ya hasi nyuma ya injini. Kwenye ndege bodi lenyewe la alumini ndiyo hasi, si hivyo? Na alumini ikipata chumvi inatoa unga mweupe chini ya lagi. Kwa macho imekaza, umeme haupiti.

#28 MwanaWawi
Ndiyo niliyosema #3. Chumvi.

#29 BintiMbweni
Chumvi ya #3 ilikuwa ndani ya swichi, bwana. Hii iko kwenye ethi. Usijipe maksi za mwenzio.

Lakini fundi boti kasema la maana. Kasoro moja: kama ni ethi ya taa, kwa nini kugonga swichi kunaiwasha? Labda unapogonga paneli nzima inatikisika na lagi nyuma yake ndiyo inayoshika. Hapo ugomvi unahamia kwenye lagi. Nimeona lagi zilizobanwa kwa koleo la kawaida badala ya koleo lake, waya unavutika kwa vidole viwili.

#30 Yakhe Mkweli
Nimeulizia. Swichi ya Mlandege imeandikwa volti 12 ampea 20 DC. Kuna anayebisha?

#31 Kusi Kali
Hakuna anayebisha maandishi. Tunauliza nani atasaini.

#32 Mzee wa Hanga
Kabla hatujasahau, iko swichi moja Mtoro hakuitaja na ndiyo inayonitisha kwenye ndege ya umri huo: ya ufunguo. Hajasema kama imechakaa.

#33 Mtoro wa Kisauni
Ufunguo unatoka hata ukiwa kwenye BOTH (magneto zote mbili za cheche za injini zikiwa kazini). Mzee kazoea.

#34 Yakhe Mkweli
Hiyo nayo swichi tu. Ikifa injini haiwaki, utajua.

#35 Mzee wa Hanga
Astaghfirullah. Ni kinyume chake. Swichi ya magneto haipeleki umeme. Magneto inajizalishia umeme yenyewe. Ukizima, swichi inaishikiza magneto kwenye ethi ndipo inanyamaza. Swichi ikifa, au waya wa kuzimia ukikatika, magneto iko hai ilhali ufunguo uko mfukoni. Mtu anakuja kusukuma panga (propela) kwa mkono, injini inajibu. Watu wamekatwa mikono kwa hili.

Kama ni swichi ya Bendix, iko amri ya Marekani AD 76-07-12: kila saa 100, injini ikiwa taratibu kabisa, geuza ufunguo mpaka OFF na uusukume kidogo kupita OFF. Injini ikiendelea, swichi hiyo itoke. Kama ni ya ACS, tazama AD 93-05-06, pamoja na dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye solenoidi ya stata, relei ya kuwashia injini. Mtoro, ufunguo unaotoka kwenye BOTH usiuzoee. Mwambie mzee leo, si kesho.

#36 Mtoro wa Kisauni
Nimempigia. Kasema tusiguse panga mpaka fundi mwenye leseni aje. Kaanza pia kuuliza bei ya swichi ya ufunguo. Kanyamaza tena.

#37 Dereva 505
Mwacheni mzee wa watu apumue, kila mkiandika anapoteza laki.

#38 Msomi wa NIT
Mzee #35, hiyo dayodi umenikumbusha. Relei ya betri nayo inatakiwa iwe na dayodi. Unapozima masta, koili inapiga mamia ya volti kwa nukta ya sekunde, na kama dayodi imekufa cheche yote inarukia ndani ya swichi upande wa BAT. Hiyo inaeleza masta kuchoka.

#39 BintiMbweni
Upande wa BAT, ndiyo. Sindano inacheza kwa ALT. Ni ncha nyengine kabisa, hata kama mfuko ni mmoja.

#40 Mtoro wa Kisauni
Salaam tena. Fundi mwenye leseni amekuja, tumefanya mambo mawili.

La kwanza, alitoa hasi ya betri, tukaitoa swichi ya taa ya kutulia. Alifungua ile iliyogoma, maana hairudi tena. Ndani muna kipande cha shaba kinachopanda na kushuka kama pembea, kikikandamizwa na springi. Ncha ya fedha upande mmoja imechimbika kishimo, upande wa pili imeota kichuguu kinachoingia mule mule kwenye kishimo. Pembeni mwa pembea plastiki imeyeyuka kidogo, kwa hiyo inakwama ikiwa imeinama. Kijani cha chumvi hakuna hata chembe ndani. Lakini nyuma, kwenye lagi, kijani tele.

La pili, betri ikarudishwa, nikalala chali kichwa kwenye pedali, tochi mdomoni, tukapima kama alivyosema BintiMbweni. Kutoka baa hadi regileta: volti 0.62 zimepotea. Juu ya breka ya ALT FIELD 0.28, juu ya masta 0.21, iliyobaki kwenye lagi.

#41 MwanaWawi
Kijani tele! Nimesema nini?

#42 Msomi wa NIT
Kishimo na kichuguu, plastiki imeyeyuka. Mzigo mkubwa. Nimesema nini?

#43 Fundi Boti Mkoani
Lagi. Mie nawatazama tu.

#44 Mzee wa Hanga
Breka imeshinda wote na hakuna aliyeitabiria isipokuwa niliyeitaja #6. Breka zile watu wanazivuta na kuzirudisha kama swichi, hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ibadilishwe breka na masta pamoja, yenye karatasi zake, lagi zibanwe upya. Ukibadilisha masta peke yake utabaki na volti 0.4 na sindano inaendelea kucheza, mzee atasema ameibiwa.

#45 BintiMbweni
Ngoja kwanza. Mtoro, kabla ya kupima, mliivuta ile breka mkairudisha?

#46 Mtoro wa Kisauni
Ndiyo, fundi aliivuta na kuirudisha mara kadhaa, kasema anahakikisha haijaruka.

#47 BintiMbweni
Basi mliisugua ncha zake kabla ya kupima. 0.28 ni baada ya kusafishwa. Ilivyokuwa ikicheza sindano ilikuwa ngapi, hatujui. Na kama ameigusagusa masta nayo, ndiyo hivyo hivyo. Acheni ikae siku mbili nje bila kuguswa, kisha mpime tena kabla hamjanunua kitu.

#48 Mzee wa Hanga
Hapo nakubali kupima tena, ila sikubali kungoja. 0.28 juu ya breka iliyokwisha kusuguliwa ni mbovu hiyo hiyo.

#49 Yakhe Mkweli
Breka za ampea 5 Mlandege zipo.

#50 Kusi Kali
Admin, mfungieni huyu.